Wasiougua Katika Mti wa Ukoo

Jamii za Afrika Mashariki zimehifadhi nasaba zao kwa njia nyingi, baadhi kwa maandishi na nyingi zaidi kwa ulimi. Masharifu wa Lamu wana shajara zinazoorodhesha mababu mpaka Hadhramaut na kupanda hadi kwa Mtume. Wazee wa Kiluo hutaja majina ya mababu kwa mfululizo usiokatika. Na Wamakonde na Wayao, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, huwakumbuka mabibi pale ambapo wengine huwakumbuka mababu. Kumbukumbu hizi zilitunzwa kwa sababu zilikuwa na kazi, kwani ndizo zilizoamua nani anarithi shamba, nani anastahili cheo, na nani hawezi kumwoa nani kwa kuwa damu yao ni moja. Mtaalamu wa sayansi ya urithi naye huchora mti wa ukoo, ila yeye ana swali jingine: sifa fulani ya mwili, iwe ni ugonjwa, rangi ya ngozi au umbo la vidole, imepita kwa nani na nani mpaka ikamfikia mtu huyu?

Swali hilo hubadilisha kabisa orodha ya watu wanaohitajika. Katika nasaba ya heshima au ya mirathi, mtoto aliyefariki akiwa na miaka miwili huweza kuachwa bila madhara, na vivyo hivyo shangazi aliyeolewa mbali au mjomba asiyejaliwa watoto. Katika mti wa sifa za kurithi, hao hao ndio ambao mara nyingi huwa na jibu, na zaidi yao wote ni wale ambao hakuna aliyefikiri kuwauliza, yaani ndugu wenye afya ambao sifa inayotafutwa haionekani kwao hata kidogo. Sura hii inashikilia kwamba ufanisi wa fani hii tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ulitokana na kujifunza kuwaandika watu wasiougua, na kwamba makosa yake mabaya zaidi yalitendeka pale watu hao walipoachwa nje ya mchoro au walipoandikwa kwa uongo.

Mchoro wenyewe si mgumu kuusoma. Mwanamume huwakilishwa na mraba, mwanamke na duara. Mstari mlalo unaowaunganisha ni ndoa au uhusiano uliozaa watoto, na mistari miwili sambamba mahali hapo humaanisha kuwa wawili hao walikuwa ndugu wa damu kabla ya kuoana. Mstari wima hushuka kwa watoto, ambao hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa kufuata umri. Alama iliyojazwa wino ni ya mtu mwenye sifa inayochunguzwa, iliyo tupu ni ya asiye nayo, na mstari wa mshazari unaoikata alama huonyesha kuwa mhusika amefariki. Mshale mdogo huelekezwa kwa mtu aliyekuwa wa kwanza kufika kwa daktari, kwa sababu ukoo hauingii katika uchunguzi kwa bahati nasibu bali kupitia kwake, na mtafiti anayelisahau jambo hilo hupotosha hesabu zake zote: koo zenye wagonjwa wengi zina nafasi kubwa ya kuonekana hospitalini kuliko koo ambazo sifa hiyo hiyo ilipita kimya kimya.

Kinachofuatiliwa katika mistari hiyo ni jeni, ambazo katika hospitali na magazeti ya Tanzania huitwa pia vinasaba. Jeni ni sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini. Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja aliyoipata kwa mama na nyingine kwa baba, naye humpa kila mtoto nakala moja tu kati ya hizo mbili bila kuchagua. Kanuni hii iliwekwa wazi na Gregor Mendel, mtawa wa Brno, aliyechapisha mwaka 1866 matokeo ya majaribio yake ya kupandisha njegere. Ilisahauliwa kwa zaidi ya miaka 30, ikaibuliwa upya mwaka 1900. Njegere zilimpa Mendel nafasi ambayo binadamu hawaitoi, maana aliweza kuzipandisha apendavyo na kuhesabu mbegu kwa maelfu. Binadamu hawaozwi kwa ajili ya majaribio, huzaa watoto wachache, na kizazi kimoja chao huchukua karibu muda wote wa kazi ya mtafiti mmoja. Aliyetaka kujua kama kanuni ya Mendel inawahusu wanadamu hakuwa na njia ila kuzisoma ndoa zilizokwisha kufungwa na kuwahesabu watoto waliokwisha kuzaliwa.

Wa kwanza kufaulu katika kazi hiyo alikuwa Archibald Garrod, daktari wa London aliyevutiwa na hali adimu iitwayo alkaptonuria. Mkojo wa mtu mwenye hali hiyo hugeuka mweusi ukikaa hewani, kiasi kwamba mama huweza kuigundua kwenye nepi za mtoto mchanga, na miaka mingi baadaye gegedu za viungo huanza kuharibika. Wapo madaktari waliodhani kuwa chanzo chake ni vijidudu vya tumboni. Garrod aliona kwamba hali hiyo huwapata ndugu wa tumbo moja ilhali wazazi wao hawana, na kwamba wazazi hao wenye afya walikuwa mabinamu mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. William Bateson wa Cambridge, mtetezi mkuu wa Mendel nchini Uingereza, alitambua kuwa hiyo ndiyo dalili ya sifa fiche, yaani sifa isiyojitokeza mpaka mtu apate nakala mbili za jeni yenye hitilafu, moja kutoka kila upande. Mwenye nakala moja haugui, kwa kuwa ile ya pili iliyo salama inatosha kufanya kazi. Mabinamu wana babu na bibi wale wale, na hitilafu adimu iliyokuwa kwa mmoja wa wazee hao inaweza kuwashukia kwa njia mbili tofauti, kisha ikakutana tena kwa mtoto wao. Makala ya Garrod ilitoka mwaka 1902, na uzito wake wote uliwategemea wazazi ambao hakuna daktari aliyekuwa na sababu ya kuwapima.

Sifa tawala hufuata njia nyingine, kwa kuwa nakala moja iliyobadilika inatosha kuidhihirisha. Mwenye sifa hiyo kwa kawaida ana mzazi mmoja aliye nayo, na kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata. William Farabee alilionyesha hilo mwaka 1905 kwa vidole vifupi vya ukoo mmoja wa Pennsylvania alioufuatilia kwa vizazi vitano. Vidole vifupi huonekana mapema, kwa hiyo mchoro wake haukuacha mashaka. Ugumu huanza pale sifa tawala inapochelewa kujitokeza, na hapo hakuna mfano mzito kuliko ugonjwa wa Huntington, ambao mwenye jeni yake hukua, husoma, huoa na kuzaa akiwa na afya kamili, kisha, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50, viungo vyake huanza kurukaruka bila hiari, na akili na mwenendo hudhoofika pole pole hadi kifo. George Huntington aliueleza mwaka 1872 akiwa na umri wa miaka 22 tu. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu baba yake na babu yake walikuwa madaktari mahali pale pale, katika kisiwa cha Long Island, New York, na walikuwa wamewahudumia wazazi na mababu wa wagonjwa aliowaona yeye; vizazi vitatu vya waganga vilihitajika ili kuvielewa vizazi vitatu vya wagonjwa. Yeye ndiye pia aliyetambua kwamba mtoto wa mgonjwa akiishi hadi mwisho bila kuugua, basi uzao wa mtoto huyo uko salama.

Karne moja baadaye Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake alikuwa na ugonjwa huo, alikwenda na wenzake katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako wagonjwa wake ni wengi mno. Kwa zaidi ya miaka 20 waliwaandika watu zaidi ya 18,000 wa vizazi kumi, wengi wao wakiwa uzao wa mwanamke mmoja aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 19. Walichukua damu za wagonjwa na za ndugu zao wasiougua, maana bila hao wa pili hakuna njia ya kujua kipande kipi cha DNA huandamana na ugonjwa na kipi humpitia kila mtu. Mwaka 1983 kundi la James Gusella lilionyesha kuwa jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 4, mojawapo ya nyuzi za DNA zinazobeba jeni, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana. Kipimo kinachotumika leo duniani kote kimetokana na damu ya wavuvi maskini na watoto wao, ambao wengi wameendelea kuishi katika umaskini ule ule, na deni hilo halijalipwa.

Njia ya Akina Mama

Yapo maradhi ambayo katika mti wa ukoo huonekana karibu kwa wanaume peke yao, ilhali wapitishaji wake ni wanawake. Mashuhuri zaidi ni hemofilia, ambayo damu ya mgonjwa haigandi ipasavyo kwa upungufu wa protini moja. Marabi wa Kiyahudi walioandika Talmudi waliamua kwamba mtoto ambaye ndugu zake wawili walikufa baada ya kutahiriwa asitahiriwe, na mjadala wao uliwahusisha hata wana wa dada za mama. Walitaja waziwazi kuwa zipo familia ambazo damu yao haishikamani. Hawakujua lolote kuhusu jeni, lakini waliuangalia upande uliostahili. Uamuzi wao una maana ya pekee kwa jamii za Afrika Mashariki zinazotahiri, kwa sababu mpaka leo tohara ni mojawapo ya nyakati ambapo hemofilia ya mtoto wa kiume hugunduliwa kwa mara ya kwanza, na swali la kama mjomba yeyote alitokwa damu kupita kiasi lingeweza kuulizwa kabla kisu hakijatolewa.

Mwaka 1803 John Conrad Otto, daktari wa Philadelphia, alichapisha maelezo ya ukoo wa namna hiyo. Aliufuata nyuma mpaka kwa mwanamke aliyekuwa amehamia New Hampshire miongo kadhaa kabla, akaeleza kwamba wanaume tu ndio hutokwa damu, lakini wanawake wasiougua ndio huwarithisha wana wao. Sababu ilijulikana zaidi ya miaka 100 baadaye. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana X moja aliyopewa na mama na Y aliyopewa na baba, na jeni ya hemofilia iko kwenye X. Mwanamke mwenye nakala moja yenye hitilafu ana nyingine ya kumwokoa. Mwanawe aliyeirithi hitilafu hana akiba yoyote. Baba mgonjwa hawezi kumpa mwanawe wa kiume hemofilia, kwa kuwa humpa Y, lakini kila binti yake huwa mbebaji, yaani mtu mwenye nakala moja yenye hitilafu anayoweza kumrithisha mtoto.

Mti wa ukoo wa Malkia Victoria wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1819, unaionyesha njia hiyo kwa uwazi usio wa kawaida, kwa sababu familia za kifalme huandika kila mtoto, hata aliyefariki mapema. Kati ya watoto wake tisa, mwana mmoja, Leopold, alikuwa na hemofilia na alifariki mwaka 1884 baada ya kuanguka, na mabinti wawili, Alice na Beatrice, walikuwa wabebaji. Kupitia kwa Beatrice hitilafu ilifika katika familia ya kifalme ya Hispania, na kupitia kwa Alice ikafika Urusi, ambako mrithi wa kiti, Alexei, aliyezaliwa mwaka 1904, aliishi katika hofu ya kila jeraha. Mwana mkubwa wa Victoria, Edward wa Saba, hakuirithi, na ndiyo sababu ukoo unaotawala Uingereza hauna ugonjwa huo. Hakuna dalili ya hemofilia kwa wazazi wa Victoria wala kwa waliowatangulia, kwa hiyo inaelekea badiliko la jeni lilitokea upya, ama kwake au kwa mmoja wa wazazi wake. Mwaka 2009 wataalamu walipima DNA ya mifupa ya familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi na kuthibitisha kuwa ilikuwa hemofilia B, aina iliyo adimu zaidi kati ya mbili kuu, na kwamba mmoja wa dada za Alexei alikuwa mbebaji. Hao wanawake wabebaji, ni lazima isemwe, hawana afya timilifu daima. Baadhi hutokwa damu nyingi katika hedhi na uzazi, na kwa muda mrefu mno madaktari hawakuwasikiliza.

Nasaba inayoandikwa fulani bin fulani bin fulani, bila jina la mama hata mmoja, ingeuficha ugonjwa wa namna hii kabisa. Mababu 12 wangeonekana salama, kisha mjukuu mmoja angetokwa damu bila sababu inayojulikana, na sababu ingetafutwa kwa majirani au kwa mizimu.

Sikoseli na Wazazi Wenye Afya

Hakuna mti wa ukoo unaowagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko ule wa sikoseli, ambayo vitabu vingi vya afya huiita selimundu. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, kwa mgonjwa hushikamana yenyewe kwa yenyewe oksijeni inapopungua, na seli iliyopaswa kuwa duara hujikunja kama mundu, ikaziba mishipa midogo na kuvunjika kabla ya wakati wake. Matokeo yake ni maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara na hatari ya kiharusi hata kwa watoto wadogo. Maelezo ya kwanza ya kitabibu kuhusu seli hizo yalichapishwa na James Herrick wa Chicago mwaka 1910, lakini ni dhahiri kwamba familia za Afrika ziliujua ugonjwa wenyewe karne nyingi kabla yake.

Kwa takriban miaka 40 urithi wa sikoseli ulieleweka vibaya. Maabara zilikuwa zimegundua kuwa damu ya watu wengi wasiougua nayo hujikunja ikinyimwa oksijeni, na ikadhaniwa kuwa hao ni wagonjwa wa kiasi kidogo na kwamba sifa ni moja, tawala, inayotofautiana kwa ukali. Mwaka 1949 James Neel nchini Marekani, na E. A. Beet, daktari katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, walifikia jibu kila mmoja kwa njia yake, na jibu lilipatikana kwa kupima damu za wazazi. Wazazi wa watoto wenye ugonjwa walionekana kuwa na seli zinazojikunja, wote wawili, baba na mama, ingawa hawakuwahi kuugua. Aliye na nakala moja ni mbebaji. Aliye na mbili ni mgonjwa. Mwaka huo huo Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya kawaida, na kwamba wabebaji wana aina zote mbili kwa pamoja. Kisha Vernon Ingram akagundua, mwaka 1956, kuwa tofauti yenyewe ni ya kijenzi kimoja tu katika mnyororo wa protini hiyo.

Hospitalini hali hizo huandikwa AA kwa asiye na jeni hiyo, AS kwa mbebaji na SS kwa mgonjwa. Watu wawili wa AS wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne za kuwa AS, na moja kati ya nne ya kuwa AA. Neno la kuzingatia hapo ni kila mimba. Wapo wazazi wanaodhani kuwa mtoto mmoja mgonjwa amelipa zamu, hivyo watatu wanaofuata watakuwa salama, na wapo waliopata watoto watatu wagonjwa mfululizo wakaamini kuwa wamelaaniwa. Uwezekano haukumbuki mtoto aliyetangulia, na familia zote hizo zilikabiliwa na hesabu ile ile tangu mwanzo.

Ilibaki kuelezwa kwa nini jeni inayoua watoto isipungue. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikusanya sampuli za damu Kenya mwaka 1949, akaona kuwa wabebaji walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii za pwani na za Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu hawakufika hata asilimia moja. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Aliporudi mwaka 1953 aliwapima watoto wa Uganda akakuta vimelea vichache zaidi kwa wale wa AS, na katika jaribio la watu wazima wa Kiluo waliojitolea kuambukizwa malaria, 14 kati ya 15 wasio na jeni hiyo walipata vimelea, ilhali kati ya wabebaji 15 walipata wawili tu. Jaribio la namna hiyo lisingepita leo mbele ya kamati ya maadili, na ni sawa lisipite. Matokeo ya Allison, yaliyochapishwa mwaka 1954, yalieleza jambo ambalo miti ya koo peke yake haikuweza kulionyesha: mtu wa AS alikuwa na nafasi kubwa ya kuvuka utoto kuliko ndugu yake wa AA, na kwa hiyo alipata watoto wengi zaidi. Jeni ya sikoseli ilihifadhiwa na wale ambao haikuwaumiza.

Inakadiriwa kuwa nchini Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka na sikoseli, na tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kimekuwa na mpango wa utafiti unaowafuatilia maelfu ya wagonjwa. Pamoja na maarifa hayo yote, katika nyumba nyingi mama ndiye anayebeba lawama: huambiwa ameleta damu mbaya, huachwa, na mume huoa kwingine akiamini kuwa amelikimbia tatizo, kumbe nusu ya jibu anaitembeza mwenyewe mwilini mwake. Mtoto wa SS hawezi kuzaliwa bila nakala moja kutoka kwa baba.

Ualbino hufuata kanuni hiyo hiyo ya sifa fiche, na uongo uliozungushiwa ni mkubwa zaidi. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, mtu mmoja kati ya 1,400 nchini Tanzania ana ualbino, na kwa hesabu hiyo karibu mtu mmoja kati ya 19 ni mbebaji, wengi wao wakiwa watu weusi wenye afya wasiojua chochote. Wanawake wamesingiziwa kuzini na wazungu au kuingiliwa na majini kwa sababu ya watoto ambao baba zao halali walichangia nusu ya jeni zinazohusika. Watu wawili wenye ualbino wanaweza pia kuzaa mtoto asiye nao, iwapo hitilafu zao ziko katika jeni mbili tofauti, jambo ambalo halieleweki mpaka miti ya koo zote mbili iwekwe pamoja.

Kinachokaa Nyumbani na Kilichomo Katika Damu

Ni rahisi kuamini kuwa kila kinachojirudia katika ukoo kimerithiwa. Wanafunzi wa biolojia hufundishwa mara nyingi kuwa uwezo wa kukunja ulimi kama mfereji ni sifa tawala ya jeni moja; dhana hiyo ilitolewa na Alfred Sturtevant mwaka 1940, lakini mwaka 1952 uchunguzi wa mapacha wanaofanana, ambao jeni zao ni zile zile, ulionyesha jozi ambazo mmoja anaweza na mwingine hawezi, na Sturtevant mwenyewe akaacha kuitetea. Mfano huo ungefaa kuondolewa madarasani.

Kosa la ulimi halimuui mtu. La pelagra liliua. Ugonjwa huu, unaochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili, ulienea kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 miongoni mwa maskini walioishi kwa unga wa mahindi bila vyakula vingine vya maana. Mwanabiolojia Charles Davenport na wasaidizi wake walichora miti ya koo za wagonjwa na kutangaza kuwa urithi una nafasi kubwa, kwa sababu ugonjwa ulionekana kwa wazazi na watoto. Daktari Joseph Goldberger alikuwa ameshaanza kuonyesha, tangu mwaka 1914, kuwa chanzo ni lishe: alibadilisha chakula katika vituo vya yatima na ugonjwa ukatoweka. Katika vituo vya namna hiyo aliona pia kwamba watoto waliugua ilhali wafanyakazi waliowahudumia hawakuugua, nao wafanyakazi walikula chakula bora. Kwa mara nyingine wasiougua ndio waliotoa jawabu. Nchini Papua New Guinea ugonjwa wa ubongo uitwao kuru, uliowapata watu wa jamii ya Wafore, nao ulidhaniwa kwanza kuwa wa kurithi. Wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse waligundua kuwa wengi waliotajwa kuwa ndugu hawakuwa wa damu, na kwamba ugonjwa ulisambaa kwa desturi ya kula miili ya marehemu katika maziko. Onyo hilo kuhusu neno ndugu linahusu pia nyumba za Waswahili, ambamo baba mdogo ni baba, mtoto wa mama mkubwa ni kaka, na mtoto aliyelelewa huitwa wa kuzaliwa. Ni adabu njema ya ujamaa, lakini mchora mti wa ukoo lazima aulize kwa upole nani alimzaa nani.

Davenport hakuishia kwenye pelagra. Ofisi ya kumbukumbu aliyoianzisha huko Cold Spring Harbor mwaka 1910 ilituma wafanyakazi nyumba kwa nyumba kukusanya miti ya koo, ikatangaza kuwa umaskini, uzinzi na uhalifu hupita katika damu, na Davenport akadai kuwa hata mapenzi ya bahari ni sifa ya kurithi ya maofisa wa jeshi la majini. Marehemu waliandikwa kuwa na akili pungufu kwa ushahidi wa uvumi wa majirani. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu Carrie Buck wa Virginia afungwe uzazi kwa nguvu, kwa hoja kwamba mama yake, yeye na binti yake mchanga wote walikuwa na upungufu wa akili. Binti huyo, Vivian, baadaye aliwekwa kwenye orodha ya wanafunzi bora wa shule yake kabla ya kufariki akiwa na miaka minane. Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa uzazi chini ya sheria za namna hiyo, na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1933, iliyofuata kielelezo chao, iliwafikia watu wapatao 400,000. Alama tupu zilijazwa wino kwa makusudi. Huo ulikuwa ukatili uliovaa joho la sayansi, na kila anayechora mti wa ukoo leo anapaswa kuujua.

Kwa sababu hiyo kliniki nzuri ya ushauri wa urithi huanza kwa ridhaa, hutunza siri, na haimtangazii mume wala mkwe kile ambacho mwenye damu hajakubali kijulikane. Inahitaji angalau vizazi vitatu, pande zote mbili kwa usawa, pamoja na mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa wafu na umri wa kila mtu alipoanza kuugua au alipofariki. Wengi wa wanaozijua habari hizo ni mabibi na mashangazi, kwa kuwa wao ndio waliokesha na wagonjwa, na wengi wao hawajaulizwa kamwe. Msomaji asisubiri ugonjwa uingie nyumbani. Awaandike leo, wakati wazee wangali hai, mabibi wa kuumeni na wa kukeni kwa majina yao, watoto waliozikwa wadogo na ndugu ambao hawakuugua chochote. Na wanaokusudia kuoana wapime himoglobini, wote wawili, kabla ya siku ya ndoa kupangwa.